Mlango wa Chini ya Maji

Wifi yangu Talahiva alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na kicheko ambacho ukisimama kwenye gati ya Neiafu, bandari yetu, ungekisikia kabla hujaiona boti yetu. Kanisani aliimba sauti ya pili, na mchungaji aliwahi kumwomba kwa upole apunguze kidogo ili na wengine wasikike. Wageni walimpenda mara tu walipomwona. Walikuja visiwa vyetu vya Vava'u kutafuta nyangumi, lakini siku ya kuondoka walichokuwa wakisimuliana uwanja wa ndege ni habari za Talahiva na pango.

Pango liko ndani ya jabali lililosimama wima baharini, upande wa machweo wa kisiwa alikozaliwa. Ukipita na boti huoni kitu ila mwamba na ndege. Mdomo wake uko chini ya maji. Unavuta pumzi, unazama, unapita gizani chini ya mwamba kwa urefu wa boti na ushee, kisha unaibuka kwenye chumba kikubwa chenye hewa, chumba ambacho hakina njia nyingine ya kuingia wala kutokea. Baba mkwe wangu alikuwa akiingia humo kutafuta pweza. Talahiva aliingia mara ya kwanza akiwa mtoto mwenye mapengo, amemkumbatia baba yake shingoni, na tangu siku hiyo alilizoea kama jiko la mama yake.

Mume wake alipofariki alirudi nyumbani na binti zake wawili. Mume wangu Kelepi, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa ametoka kununua boti. Tukagawana kazi. Kelepi alishika usukani, mimi nilipika na kusimamia ngazi ya kupandia, na Talahiva aliingia majini na wageni.

Kwetu kaka hamtanii dada yake. Dada ndiye mwenye heshima nyumbani. Kelepi, ambaye mdomo wake bandarini ulikuwa mchafu kuliko wa wabeba mizigo, mbele ya Talahiva hakutoa tusi hata kidole kikibanwa na mnyororo. Na hata jua liwe kali vipi, mbele yake hakuvua shati. Wageni walikaa vifua wazi wakamshangaa nahodha anayetota jasho na vifungo vyake vimefungwa mpaka shingoni. Mimi niliwaambia tu, "Dada yake yupo."

Sasa, habari ya hofu.

Asubuhi moja mwanzoni mwa msimu nilimkuta nyuma ya mshelisheli, amejiinamia, anatapika. Kesho yake tena. Siku iliyofuata nikamsubiri na kikombe cha maji.

"Wifi," nikamwambia, "mbona hivi? Una mimba?"

"Mimba ya nani? Ya nyangumi?" Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Akasukutua, akatema, akakaa chini kwenye mizizi. "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

"Siku ile ya mwisho ya msimu uliopita, nilipotoka nimechanika nguo nikasema ni mwamba. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Tuliichekea ile nguo njia nzima.

"Mkono wa nguo ulinaswa katikati ya njia. Wageni walishatangulia, mimi nilikuwa nyuma yao. Nikavuta, haikutoka. Nikavuta tena. Nikageuka ili nione imeshika wapi, basi hapo ndipo nilipokosea. Nikapotea, wifi. Mahali nilipopita tangu utotoni, sikujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Nikawa napiga ukuta kwa mikono kama kipofu. Nilianza kunywa maji. Nguo ilichanika yenyewe, mimi sikufanya lolote." Akajifuta mdomo. "Tangu siku hiyo nikiliona lile jabali tumbo linageuka. Nikiwa chini mle naisikia nguo inavutwa. Haivutwi, lakini naisikia."

"Basi mwambie Kelepi. Aache kuwapeleka watu pangoni. Nyangumi wapo, fukwe zipo."

"Nimwambie ili iweje? Unamjua mumeo. Atasema, pumzika dada, nitaingia mimi."

Nilijua ni kweli. Kelepi alipasuka ngoma ya sikio akizamia majongoo ya bahari kabla hatujaoana. Tangu hapo, akizamisha kichwa tu dunia inamzunguka. Anaweza kuogelea kuelekea chini akidhani anapanda. Angeingia pangoni kwa sababu dada yake amesema hawezi, na asingetoka. Tuliliona hilo sote wawili bila kulitamka.

Basi msimu mzima nilibeba siri ile. Kila asubuhi Talahiva alitapika nyuma ya mshelisheli, akasukutua, akapanda boti, akacheka kicheko chake. Wageni hawakujua. Mimi nilimtazama mikono. Alipokuwa akiwafunga watu vioo vya kuzamia alikosea mkanda mara mbili tatu, akaficha hilo kwa kuwapiga vibao vya mgongoni na kuwataniatania. Alipozama nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Alipoibuka nje, kabla hajatabasamu, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari. Kila siku. Na kila siku akarudi tena.

Nilikuwa nikiomba msimu uishe salama, na ulikuwa karibu kuisha walipokuja mzee Desmond na binti yake Robyn.

Walitoka kusini mwa New Zealand, huko kwenye baridi na kondoo. Desmond alikuwa amenyoa kondoo maisha yake yote. Mgongo ulikuwa umepinda, lakini mikono yake ilikuwa minene kama mizizi, na akikupa mkono unajutia. Mkewe alifariki mwaka ule. Robyn alimleta ili apate hewa.

"Mzee, unaweza kuzama?" Talahiva alimuuliza tulipofika chini ya jabali.

"Mama, pumzi ninayo. Umewahi kumshika kondoo dume asiyetaka kunyolewa?"

"Mimi nimewahi kumshika mume asiyetaka kwenda kanisani."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Robyn akasema, "Usihangaike naye, ni mbishi. Akisema anaweza, mwache aweze."

Bahari ilikuwa imetulia, hakuna upepo. Lakini Talahiva alisimama kwenye ngazi akatazama maji muda mrefu, mpaka Kelepi akamuuliza kwa adabu, "Kuna tatizo, dada?"

"Maji yananung'unika."

Kelepi akatega sikio lake zima. Akatazama upeo wa bahari. "Mimi sisikii kitu. Turudi?"

Nilimwona Talahiva akitaka kusema ndiyo. Midomo ilikwisha kufunguka. Halafu akamwona Robyn ameshavaa mapezi ya miguuni, ameketi ukingoni mwa boti kama mtoto anayesubiri zawadi, na nadhani aliwaza kwamba ile ni hofu yake tu, ile ile ya kila siku, inatafuta kisingizio.

"Hapana," akasema. "Twende haraka, tutoke haraka."

Robyn akatangulia, Talahiva akamshika mzee kifundo cha mkono, wakazama. Maji yakajifunga juu yao. Mimi nikaanza kumenya magimbi.

Kilichokuja hakikuja na upepo. Mahali fulani mbali sana kusini kulikuwa na dhoruba ambayo sisi hatukuiona, na mawimbi yake yalikuwa yamesafiri usiku na mchana mpaka kwetu. Hayakuvunjika wala kutoa povu. Bahari iliinuka tu, nzima nzima, kama mtu anayevuta pumzi usingizini, kisha ikashuka. Boti iliinuka nayo. Sufuria ikateleza. Nilipotazama jabali niliona mstari wa maji umepanda kuliko urefu wa mtu, halafu maji yakarudi chini yakitiririka kwenye mwamba, na pale mlango ulipo bahari ikafanya shimo, ikanyonya kwa sauti kama ya ng'ombe anayekunywa.

Kelepi alitukana. Dada yake hakuwepo. Akachukua nyundo, akaegemea nje, akagonga mnyororo wa nanga. Huo ndio uliokuwa wito wetu. Aliyeko pangoni akiingiza kichwa majini anausikia, na anajibu kwa kugonganisha mawe mawili. Nikalala tumbo ukingoni mwa boti, nikatia sikio majini. Kwanza nilisikia mchanga unakokotwa. Halafu, mbali, kitu kidogo kikavu: tik, tik.

"Wamesikia," nikasema.

Humo ndani, Talahiva alinisimulia baadaye, wimbi la kwanza lilipoingia maji yalipanda ghafla mpaka vifuani mwao kwenye kibao cha mwamba walichokalia. Hewa haina pa kutokea, basi inabanwa. Masikio yalipigwa kama kwa viganja. Kisha maji yalipovutwa nje, papo hapo pango zima likajaa ukungu mweupe, mzito, huoni hata mkono wako. Wimbi lingine likaja, ukungu ukatoweka kama uliozimwa. Likatoka, ukungu ukarudi. Siku za bahari tulivu hayo hutokea kidogo kidogo na wageni hupiga makofi. Siku ile hakuna aliyepiga makofi. Mzee Desmond aliteleza kwenye kibao, akanywa maji, akapanda juu zaidi kwa magoti, akakumbatia jiwe la ukutani.

"Tunatoka sasa hivi," Talahiva akasema. "Maji yakivuta kwenda nje, tunakwenda nayo."

"Sitoki," mzee akasema.

"Mzee, tafadhali."

"Sitoki kupita mle. Sitoki."

Robyn alikuwa analia na kuteleza, ameshachubuka bega. Talahiva akaona kwamba akingoja atawapoteza wote wawili. Akamwambia mzee, "Shika jiwe lako. Usiliache. Narudi." Akamvuta binti.

Mimi niliviona vichwa viwili vikiibuka, mbali na pale walipotakiwa kuibukia, maji yamewatupa nje kama maganda. Kelepi akawarushia kamba. Robyn alipanda ngazi akipiga kelele, "Baba hataki! Baba yuko ndani!" Nikamshika mabega, damu yake ikanilowanisha mikono.

Talahiva hakupanda. Alishika ngazi kwa mikono miwili, kiwiliwili majini. Meno yalikuwa yanagongana. Nikainama.

"Wifi, panda."

"Nilimwambia narudi."

"Panda kwanza upumue."

"Siwezi," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa kitu kama uzi. "Wifi, siwezi kurudi mle. Nimejaribu kuachia hii ngazi, mkono hauachii. Tazama." Akautazama mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. "Hauachii."

Kelepi alikuwa kwenye redio. Wazamiaji wenye mitungi ya hewa walikuwa wamewapeleka watu visiwa vya mbali; wakasema wanakuja, lakini tukae tukijua ni safari ndefu. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Kadiri yanavyojaa mlango unazidi kwenda chini, na mawimbi yalikuwa yanazidi kukua, hilo kila mtu aliliona. Mzee alikuwa peke yake mle, gizani na ukungu. Na ameloa.

Kelepi akaweka redio chini. Akaja ukingoni. Akamtazama dada yake pale kwenye ngazi na akaelewa, nadhani akaelewa msimu mzima kwa mara moja. Akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Kelepi, usithubutu!" nikamwambia. "Kelepi!"

"Telesia, shika usukani," akaniambia.

Shati likadondoka. Sikuwahi kumwona mume wangu kifua wazi mbele ya dada yake, na Talahiva pia hakuwahi, tangu wakiwa watoto. Aligeuza uso upande, kwa mazoea. Kisha akaurudisha, akamtazama, na nikaiona hofu nyingine ikiingia juu ya ile ya kwanza, kubwa kuliko ile.

"Vaa shati lako," akasema.

Mkono ukaachia ngazi. Akavuta pumzi, akazama.

Alinisimulia kwamba njiani aliisikia nguo ikivutwa. Alikwenda hivyo hivyo ikivutwa. Alipoibuka ulikuwa wakati wa ukungu; hakuona kitu. Akaita, "Mzee!" Hakujibiwa. Wimbi likaja, ukungu ukafutika, akaona kibao kitupu. Mzee hakuwepo.

Anasema hapo ndipo alipoogopa kuliko siku ya nguo. Siku ile alikuwa na habari moja tu, ya kutaka hewa. Sasa alikuwa na hewa, na katika hewa hiyo alikuwa peke yake, na chini ya miguu yake, mahali fulani kwenye yale maji meusi, kulikuwa na baba wa mtu. Akaanza kupapasa chini kwa miguu, akijua kwamba atakachogusa hatataka kukigusa. Ukungu ukaja. Akaita tena, akalia huku akiita. Ukungu ulipokwisha akaona kitu cheupe juu kabisa, nyuma, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kupanda. Yalikuwa macho. Mzee alikuwa amejikunja kwenye ufa kama kaa. Alimsikia tangu mwanzo. Sauti ndiyo iliyokuwa haitoki.

Akapanda mpaka kwake. Akaishika mikono yake ili aitoe kwenye jiwe, ikawa kama kuchomoa msumari. Mikono iliyonyoa kondoo miaka yote ile, nani ataibandua? Akaacha. Akakaa kando yake, mwili wake mkubwa ukambana ili apate joto.

"Unatetemeka," mzee akasema mwishowe.

"Naogopa."

"Wewe? Hii si kazi yako?"

"Msimu wote natapika kila asubuhi kabla ya kuja hapa. Muulize wifi yangu."

Mzee akamgeuzia kichwa. "Mbona ulicheka basi?"

"Ningefanyaje? Ningetapika mbele yako?"

Mzee akatoa sauti ambayo huenda ilikuwa kicheko, huenda ilikuwa kilio. Hakutoka kwenye ufa. Nilisikia watu wengine, wakisimulia kisa hiki kwenye duara la kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, wanasema aliinuka palepale akawa jasiri. Uongo. Walikaa mle muda mrefu sana, Talahiva akiteremka mara kwa mara kutia kichwa majini na kuujibu mnyororo kwa mawe.

Nje sisi hatukujua lolote. Kelepi aligonga mnyororo, mimi nikalala na sikio majini. Tik, tik. Yupo. Nikamwambia Robyn, yupo. Kelepi akagonga tena, tik, tik. Hivyo hivyo. Robyn alikuwa ameshika kifundo cha mguu wangu, na kila nilipoinua kichwa aliniuliza kwa macho. Boti ilikuwa inapanda na kushuka, Kelepi akiizuia isitupwe kwenye jabali, na shati lake bado lilikuwa sakafuni linaelea kwenye maji machafu. Nilimsikia akiomba Mungu na kutukana katika sentensi moja.

Halafu akagonga, na mimi sikusikia kitu.

"Gonga tena," nikasema.

Akagonga. Mchanga tu, na lile koo la mlango likinyonya.

"Tena!"

Nikabaki na sikio majini mpaka shingo ikakakamaa. Sikuthubutu kuinua kichwa kwa sababu ningeinua Robyn angeniuliza. Nilikuwa nafikiria binti zake wawili, ni nani atawaambia, na nikajua ni mimi, na nikaanza kutafuta maneno, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshayapata ya mwanzo.

Kumbe jua lilikuwa limezunguka. Mdomo wa pango unatazama machweo, na mchana ukianza kuinama mwanga unaingia kwa chini ya maji. Maji meusi ndani ya pango yakabadilika, kwanza kijani, kisha buluu inayong'aa, na katika buluu hiyo ukaonekana mlango wenyewe, mweupe, mpana, na nje yake mwanga.

"Ni pale?" mzee akauliza. "Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Mbona ni karibu hivyo?"

"Ni karibu hivyo."

Mikono ikaachia jiwe. Talahiva alitupa mawe yake ili amshike kwa mikono yote miwili. Ndiyo maana hayakulia tena. Wakateremka mpaka majini. Akamwambia wangoje moja lipite. Likaja kubwa, likawabana masikio, likaanza kuvuta. Akamwambia, "Pumua! Sasa!" akamsukuma mbele yake kwa nguvu zake zote.

Desmond alitokea kando ya boti, amechubuka kichwa, amefumba macho, bado anapiga mikono kana kwamba yuko chini. Kelepi akamdaka kwa nywele. Nikamvuta kwa mkanda wa kaptula. Robyn akamrukia.

"Dada yuko wapi?" Kelepi akauliza. "Mzee, dada yuko wapi?"

Mzee alikuwa anakohoa, anaonyesha nyuma.

Wimbi lingine likapanda jabali. Nililiona likienda, nikajua kwamba yeyote aliyeko katikati ya ile njia sasa anarudishwa ndani. Kelepi akapanda ukingoni. Nikamrukia kiuno kwa nyuma, nikamng'ang'ania, tukaanguka wote kwenye magimbi. "Niache!" "Sikuachi!" Alinipiga kiwiko, nikamuuma. Tulikuwa bado tumeshikana hivyo, mume na mke, tunapigana kwenye sakafu ya boti mbele ya wageni, tuliposikia mtu anapiga ubavu wa boti kwa kiganja.

Alikuwa ameshika mnyororo wa nanga. Goti lilikuwa limepasuka, na nguo upande mmoja hakuna kabisa. Alimtazama Kelepi.

"Nimekwambia uvae shati," akasema.

Kisha akapanda, akalala sakafuni kifudifudi, akaanza kutetemeka kwa namna ambayo blanketi zote za boti hazikuituliza. Nikamlalia mgongoni. Nilikaa hivyo njia nzima mpaka Neiafu. Wazamiaji tulikutana nao njiani, Kelepi akawapungia mkono warudi.

Jioni ile, mbele ya wazee wa ukoo waliokuja kumpa pole, Talahiva alisema wazi kwamba anaogopa pango, kwamba ameliogopa msimu mzima, na kwamba haingii tena. Wengine waliinamisha vichwa kwa haya, kama vile amevua nguo. Binamu yetu mmoja akadai ni mzimu, apelekwe kwa mama wa dawa. Kelepi, ambaye alikaa mlangoni kwa adabu mbali na dada yake, akasema kwamba boti ni yake na haitakwenda tena pangoni, na asiyeridhika anunue ya kwake. Mjadala ukaisha.

Si kwamba hofu ilikwisha. Kwa miezi mingi alioga kwa ndoo, hakutia baharini hata kifundo cha mguu. Akiwa kanisani, ukimya kabla ya sala ukizidi kidogo, nilimwona akivuta pumzi haraka, akishika kiti cha mbele. Sasa ni nafuu. Pangoni wanakwenda watu wa boti nyingine, na yeye amewafundisha kila anachokijua, kwamba wakisikia maji yananung'unika warudi, hata kama wanadhani ni woga wao tu.

Yeye anawapeleka wageni mlimani. Wanapita mashamba ya vanila, anawaonyesha popo wakubwa wanaoning'inia mchana kwenye mivinje kama nguo za kufua, wanapanda mpaka mahali unapoona visiwa vyote. Wako wanaonung'unika kwamba wao walitaka pango. Anawaambia, "Mimi ni mnene, sipiti tena mlangoni," wanacheka.

Msimu uliopita Desmond alirudi, na fimbo. Robyn alitaka kwenda kwa nyangumi, mzee akakataa kukanyaga boti. Basi wakapanda mlima wawili tu, taratibu, mmoja goti, mwingine mgongo. Mimi niliwafuata nyuma na kikapu. Juu kule walikaa kwenye majani, wakala ndizi. Jabali lilionekana chini, dogo, na ndege wake. Hakuna aliyelitaja. Mzee alimuuliza kama popo wale wanaliwa, Talahiva akamwambia wanaliwa na wakubwa wa ukoo wa mfalme tu, na yeye si mkubwa wa cheo, ila wa mwili. Kicheko kile kikatoka, chote, popo wakashtuka mitini wakaanza kuruka mchana kweupe.